Hospitali Iliyolishwa na Mizabibu: Historia ya Beaune

Wiki hii naleta historia ya shamba la zabibu la huko Ufaransa. Najua wapo watakaouliza: sisi na divai wapi na wapi? Humu kuna Waislamu, kuna walokole, kuna walioona pombe ikibomoa nyumba zao. Msiwe na wasiwasi, sikuja kumshawishi mtu anywe. Nimekuja na swali ambalo kila mtu kambini anajiuliza siku mgao ukipunguzwa: msaada ukitegemea mkono wa mtu wa mbali, siku mkono huo ukichoka tunafanyaje?

Kuna mji mdogo unaitwa Beaune, uko Bourgogne, mashariki ya Ufaransa. Watu wa mji huo walikutana na swali hilo miaka zaidi ya 500 iliyopita. Jibu lao lilikuwa hospitali ya maskini yenye mali yake yenyewe, na mali hiyo mpaka leo inazaa kila mwaka. Tuisome polepole.

Vita vikiisha, shida haziishi

Turudi karne ya 15. Ufaransa na Uingereza walikuwa kwenye vita ambavyo vitabu vinaviita Vita vya Miaka Mia, vilivyoanza 1337 na kwisha 1453. Bourgogne ilikuwa na mtawala wake, duke Philippe le Bon, tajiri na mwenye nguvu karibu kama mfalme. Mwaka 1435 akafanya amani na mfalme wa Ufaransa kwa mkataba uliosainiwa mji wa Arras. Ungedhani raia walipumua. Wapi! Askari wa kukodiwa walibaki bila mshahara huku silaha ziko mkononi. Wakajikusanya makundi makundi, wakawa wanatembea kijiji kwa kijiji wakipora. Wananchi wakawapa jina la Écorcheurs, maana yake wachunaji, kwa sababu wakikukamata wanakuchuna mpaka nguo ya mwilini.

Mkulima akikimbia shamba, njaa inafuata. Njaa ikikaa, magonjwa yanafuata. Nadhani sisi tuliotoka Kivu au Burundi hatuhitaji kuelezewa zaidi hapo.

Sasa duke huyo alikuwa na mtu wake mkubwa wa serikali, Nicolas Rolin. Rolin alizaliwa mji wa Autun, hakutoka ukoo wa kitemi, alisoma sheria akapanda ngazi mpaka akawa chansela mwaka 1422, na alibaki kwenye cheo hicho miaka karibu 40. Alikuwa na akili kali na alipenda mali. Mkataba ule wa Arras yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa waliousuka. Tarehe 4 Agosti 1443, yeye na mke wake Guigone de Salins waliandika hati ya kuanzisha hospitali ya maskini pale Beaune. Kwenye hati hiyo Rolin hafichi sababu: anataka kubadilisha mali ya dunia kwa mali ya mbinguni. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 60, na kifo hakikuwa mbali.

Jengo lilichukua miaka. Mgonjwa wa kwanza alipokelewa tarehe 1 Januari 1452. Ukumbi mkuu, ambao mpaka leo unaitwa Ukumbi wa Maskini, una urefu wa karibu mita 50, upana wa mita 14 na kimo cha mita 16. Vitanda vilipangwa safu mbili ukutani, na zamani hizo haikuwa ajabu wagonjwa wawili kulala kitanda kimoja. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na altare, ili mgonjwa asali akiwa amelala. Rolin aliagiza pia picha kubwa ya Hukumu ya Mwisho kutoka kwa mchoraji Rogier van der Weyden, mmoja wa wachoraji bora wa zama zile. Yaani mgonjwa maskini asiye na kitu alikuwa anaangalia picha ambayo hata wafalme wangeitamani. Masista ndio waliohudumia wagonjwa. Na hati iliagiza mkate ugawiwe kwa maskini mlangoni kila asubuhi. Kila asubuhi, ndugu zangu, siyo mara moja kwa mwezi.

Chumvi kwanza, mizabibu baadaye

Hapa ndipo nilipotaka tufike. Matajiri wengi walijenga makanisa na hospitali wakati huo, na nyingi zilikufa. Jengo ni rahisi kuliko kulilisha. Daktari anataka kula, dawa zinaisha, paa linavuja, kuni za kupikia zinanunuliwa kila siku.

Rolin alilijua hilo kwa sababu alikuwa mtu wa hesabu. Aliipa hospitali pato la livre 1,000 kila mwaka kutoka kwenye viwanda vya chumvi vya Salins, upande wa milimani, ambako maji ya chumvi yalitolewa chini ya ardhi na kuchemshwa mpaka chumvi ibaki. Chumvi kila mtu anainunua, tajiri na maskini, vita au amani. Waislamu wanajua jambo hili kwa jina la wakfu: mali inatengwa, haiuzwi, hailiwi, kinacholiwa ni matunda yake tu, tena kwa kazi iliyotajwa. Rolin alikuwa Mkatoliki, lakini alichofanya kwa lugha yetu ni wakfu.

Halafu watu wengine wakaanza kufuata mfano. Mwaka 1457 mwanamke mmoja anayeitwa Guillemette Levernier aliipa hospitali kipande cha mizabibu. Ndicho kipande cha kwanza cha mizabibu kinachojulikana kupewa hospitali. Rolin alikufa 1462. Guigone, mjane wake, alibaki karibu na hospitali mpaka alipokufa 1470, akazikwa palepale. Wenye mali waliendelea kutoa. Huyu anakufa bila mtoto, anaacha shamba. Yule amepona, anashukuru kwa mistari kadhaa ya mizabibu. Karne kwa karne, kipande juu ya kipande.

Leo hospitali hiyo, kwa jina la Hospices de Beaune, ina hekta 60 hivi za mizabibu, kama viwanja 80 vya mpira. Vipande vingi viko kwenye ardhi bora ya Bourgogne: Beaune yenyewe, Pommard, Volnay, Meursault, mpaka kwenye kilima cha Corton. Na jambo linalonifurahisha ni kwamba divai zake zinauzwa kwa majina ya waliotoa au waliotumikia. Kuna divai inaitwa Nicolas Rolin, kuna Guigone de Salins, kuna Dames Hospitalières kwa heshima ya masista. Jina la mtu limekaa kwenye pipa mpaka leo kwa sababu alitoa kitu kinachoota.

Mwaka wa shamba

Tuone sasa kazi yenyewe, maana mali haizai kwa kuitazama.

Mzabibu ukiupanda leo, hautakupa zabibu za maana kabla ya kama miaka mitatu. Ukiutunza, unaweza kuzaa miaka 50 na zaidi. Wakati wa baridi, mzabibu ukiwa umelala bila jani, mkulima anapita mti kwa mti na mkasi akipogoa. Anaacha tawi moja au mawili tu. Anayeona kwa mara ya kwanza anaweza kudhani anaharibu, kumbe mzabibu ukiachiwa matawi mengi unatoa zabibu nyingi zisizo na ladha. Mwezi wa nne machipukizi yanatoka, na hapo ndipo roho inakuwa juu juu: usiku mmoja wa barafu unaweza kuua mazao ya mwaka mzima. Mvua ya mawe nayo inaweza kuja kiangazi na kupiga mashada kwa dakika kumi tu.

Hospitali ina wakulima zaidi ya 20, kila mmoja na vipande vyake. Mkulima anakijua kipande chake kama mama anavyojua mtoto: wapi maji yanatuama, wapi jua linafika kwanza. Zabibu ni za aina mbili kuu: nyeusi inaitwa pinot noir, nyeupe inaitwa chardonnay. Hata aina hizi zina historia ya amri. Mwaka 1395 babu yake duke yule, Philippe le Hardi, alipiga marufuku zabibu aina ya gamay kwenye ardhi yake, akisema inazaa sana lakini divai yake mbaya, akataka watu warudi kwenye pinot. Mkulima mdogo aliyetaka wingi ili apate hela ya haraka hakufurahi, hilo mnaweza kulielewa.

Mavuno ni kawaida mwezi wa tisa, na yanafanywa kwa mikono. Mashada yanakatwa kwa mkasi, yanapelekwa kwenye meza ya kuchambulia, yaliyooza yanatupwa. Zabibu nyeusi zinawekwa kwenye mapipa makubwa ya wazi pamoja na maganda yake, kwa sababu rangi nyekundu iko kwenye ganda. Juisi yenyewe haina rangi hiyo. Chachu inakula sukari na kuigeuza kileo, kama pombe zetu za ndizi na mtama zinavyochemka zenyewe bila moto. Maganda yanapanda juu, mtu anayasukuma chini tena na tena. Zabibu nyeupe zinakamuliwa mara moja, juisi peke yake ndiyo inachachuka. Baadaye divai inaingia kwenye pipa la mti wa mwaloni la lita 228, ambalo likija kujazwa kwenye chupa linatoa chupa 300 hivi.

Mnada wa mwezi wa kumi na moja

Hospitali inauza divai yake ikiwa bado changa, ndani ya mapipa, wiki chache tu baada ya mavuno. Tangu 1859 mauzo yanafanyika kwa mnada wa hadhara, na siku yenyewe ni Jumapili ya tatu ya mwezi wa kumi na moja. Mnunuzi hachukui pipa kwenda nalo nyumbani. Linabaki Bourgogne kwa mfanyabiashara anayelilea, mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, ndipo linajazwa kwenye chupa.

Zamani mnada uliendeshwa kwa mshumaa. Mshumaa mdogo unawashwa, watu wanapandisha bei, ukizimika, aliyetaja bei ya mwisho ndiye anachukua. Siku hizi nyumba kubwa za minada ndizo zinaendesha: Christie's kuanzia 2005, na Sotheby's kuanzia 2021. Kuna pia pipa moja maalum ambalo pesa yake haiendi hospitalini bali kwa mashirika ya hisani mengine. Mwaka 2022 pipa hilo moja liliuzwa yuro 810,000, na mapipa mengine ya mwaka huo yaliingiza mamilioni ya yuro. Pesa hizo za mnada zinanunua vifaa vya hospitali na kutunza jengo la kale.

Ukitaka kuelewa ukubwa wa jambo hili, fikiria hivi: tajiri wa nchi ya mbali ananunua divai ili aonekane na rafiki zake, na pesa yake inaenda kwenye kitanda cha mgonjwa Beaune ambaye hatamjua. Hakuombwa huruma wala kuonyeshwa picha ya mtoto analia. Aliuziwa kitu kizuri kwa bei yake.

Misukosuko

Msidhani njia ilikuwa nyororo. Mapinduzi ya Ufaransa yalipoanza 1789, serikali mpya ilitaifisha mali za kanisa. Jirani kabisa na Beaune kulikuwa na shamba maarufu la watawa wa Cîteaux, Clos de Vougeot, lenye ukuta wa mawe na mizabibu ya karne nyingi. Likachukuliwa, likauzwa, na leo limegawanywa kwa wenye mali wapatao 80. Mwaka 1794 ikatoka sheria ya kutaifisha hata mali za hospitali. Lakini ikaonekana haraka kwamba ukiuza shamba la hospitali, wagonjwa watalishwa na nani? Sheria ya mwaka 1796 ikarudisha mambo: hospitali zikawekwa chini ya miji. Ya Beaune ikaendelea na mizabibu yake.

Mwaka 1878 akaja adui mwingine, mdudu mdogo anayeitwa filoksera, aliyetoka Marekani. Anakula mizizi ya mzabibu mpaka ufe. Mwaka huo alionekana Meursault, kilomita chache kutoka Beaune. Dawa haikupatikana. Kilichookoa ni kuunganisha: shina la mzabibu wa Marekani ambalo mdudu haliwezi, juu yake kikonyo cha pinot au chardonnay. Wakulima wengi walikataa mwanzoni, na kwenye mkoa huo kuunganisha kulikatazwa mpaka 1887. Lakini mwishowe mizabibu ya Bourgogne iling'olewa na kupandwa upya karibu yote, ikisimama kwenye mizizi ya kigeni. Sisi ambao tunaota kwenye ardhi ya wengine tusipite hapo haraka.

Na kuna ukurasa usiopendeza. Mwaka 1942, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, kipande kimoja cha mizabibu ya hospitali kilitolewa zawadi kwa Pétain, kiongozi wa serikali iliyoshirikiana na wavamizi. Baada ya ukombozi kipande kilirudi kwa maskini. Nalitaja kwa sababu wakfu haujilindi wenyewe. Wanaoulinda ni watu, na watu wana hofu zao na tamaa zao.

Wagonjwa waliendelea kulazwa kwenye lile jengo la kale mpaka 1971. Leo ni makumbusho, watalii wanapanga foleni kuona paa lake la vigae vya rangi. Wagonjwa wanatibiwa kwenye hospitali ya kisasa mjini humo humo, na mizabibu bado inaichangia.

Maneno ya mfalme, na sisi

Kuna maneno yanayosimuliwa kuwa mfalme Louis XI aliyasema kuhusu Rolin: kwamba ni haki yake kuwajengea maskini nyumba, kwa kuwa aliwafanya wengi kuwa maskini. Kama aliyasema kweli au ni masimulizi tu, maneno yana uzito. Rolin alitajirika kwenye serikali iliyotoza watu kodi na kupigana vita. Mtoaji mkubwa mara nyingi ana mkono kwenye shida anayokuja kuitibu. Tukiyasoma mambo ya nchi zetu, madini yetu yanakokwenda na silaha zinakotoka, tutaona wimbo huo haujabadilika sana. Mimi simchafui Rolin wala simsafishi. Nasema mkate wa asubuhi uligawiwa kweli, na swali la mfalme nalo ni la kweli. Vyote viwili tuvibebe.

Najua pia mtaniambia: wao walikuwa na ardhi, sisi hatuna. Ni kweli. Wenzetu walioko Uganda wanapewa kipande cha kulima, lakini kwenye kambi nyingi hata kutoka nje ya geti ni kwa kibali. Huwezi kupanda mzabibu wa miaka 50 mahali ambapo hujui kama utakuwepo mwakani. Hilo lisifichwe na mtu yeyote anayetuhubiria kujitegemea.

Lakini tofauti kati ya msaada unaoliwa na msaada unaozaa inatuhusu hata bila ardhi. Ndugu wa mashirika, mnapoandika mradi wa miezi 12, ulizeni: bango likishatolewa, nini kitabaki kinachozaa, na kwa maandishi ya nani? Cherehani nne zikigawiwa kwa watu wanne, zimekuwa za watu wanne. Cherehani nne zikiwa za kikundi, zikiwa na karatasi inayosema sehemu ya kila mshono inanunulia wazee wa bloku dawa, na hakuna mwenyekiti mwenye ruhusa ya kuziuza, hapo umeanza kitu kama cha Guillemette. Kipande chake kilikuwa kimoja tu, na yeye hakujua kama wengine wangefuata.

Vijana, kwenye kikundi chetu tuna nini ambacho tunaweza kukitenga hivyo? Sizungumzii kitu kikubwa. Mashine ya kunyolea, kuku kumi, vitabu vya kukodisha kwa wanafunzi, solar ya kuchajia simu. Na nani awe na ufunguo, na sheria iandikweje ili hata sisi wenyewe tusije tukaila siku ya njaa? Hilo la mwisho ndilo gumu zaidi, maana siku ya njaa ipo. Andikeni mawazo yenu hapa chini, kwa Kiswahili chochote mlichonacho. Jumamosi tutayasoma yote pamoja, na tutachagua moja la kujaribu.